Kali Moja, Wenzake Kumi: Mazungumzo Kutoka Nyegezi

Haya ni mazungumzo yetu ya lugha kutoka hapa Nyegezi, jijini Mwanza, upande huu ambako mwanafunzi wa uvuvi, mwanafunzi wa uandishi wa habari na mpiga debe wa stendi hupanda daladala moja.

Leo sina sarufi. Nyakati za vitenzi, umoja na wingi, hayo tuyaweke kando. Leo nina jambo linalowasumbua hata watu ambao sarufi yao ni safi. Mtu anaandika sentensi ya Kiingereza, kila neno lipo kwenye kamusi, tahajia haina dosari, halafu Mwingereza anaisoma na kukunja uso. Anaelewa, lakini anajua kwamba mtu wa kwao asingesema hivyo. Kosa liko wapi? Kosa ni kwamba maneno mawili yamekalishwa pamoja na wala hayajuani.

Tuanze na neno letu dogo tu. Neno lenyewe ni kali.

Mfikirie mtu wa Luchelele anayeanza siku yake. Anatoka nje, anakutana na upepo mkali kutoka ziwani. Kwa jirani kuna mbwa mkali, anapita kwa mbali. Anampeleka mtoto shule, na mwalimu wa zamu ni mwalimu mkali. Anafika stendi, jua kali. Mawakala wa mabasi wanamgombea, ushindani mkali. Anakaa kwa mama lishe, anakula sato na pilipili kali, na huyo mama anakatia limao kwa kisu kikali. Mchana jino linaanza, maumivu makali, anakwenda duka la dawa kuomba dawa kali. Anarudi nyumbani anakuta barabara imefungwa kwa sababu kuna mkubwa anapita, ulinzi mkali.

Umehesabu? Neno ni moja siku nzima, na hakuna Mswahili aliyeona ajabu.

Sasa mpeleke mtu huyo huyo kwenye Kiingereza. Upepo mkali ni "a strong wind". Mbwa mkali ni "a fierce dog". Mwalimu mkali ni "a strict teacher". Jua ni "hot sun". Ushindani ni "stiff competition". Pilipili inarudi kwenye "hot", kama jua. Kisu ni "sharp". Maumivu ni "severe pain". Dawa inarudi kwenye "strong", kama upepo. Na ulinzi? Ulinzi ni "tight security".

Unaona shughuli hiyo? Mwanafunzi anafungua kamusi ndogo, anatafuta kali, anakuta "sharp", anafurahi na kufunga kamusi. Kisha anaandika kwamba mwalimu wake ni "a sharp teacher". Alitaka kumlalamikia mwalimu kwa ukali wake. Kumbe amemsifu, kwa sababu kwa Mwingereza "a sharp teacher" ni mwalimu mwenye akili nyepesi, mwalimu asiyedanganyika. Mwingine anachukua "hot" na kumpa mbwa. Huyo hajatuonya kuhusu mbwa hata kidogo. Ameagiza soseji ndani ya mkate.

Basi nani anayeamua neno lipi litumike? Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Anayeamua ni nomino. Narudia: nomino ndiyo yenye amri. Usiulize, "Kali kwa Kiingereza ni nini?" Swali hilo halina jibu. Uliza, "Kitu gani ni kikali?" Ukishajua ni mbwa, au ni pilipili, au ni ulinzi, nomino yenyewe itakuonyesha mwenzake. Mwongoza watalii anayeingia Serengeti kwa lango la Ndabaka hana haja ya kujua neno la kali. Ana haja ya kujua neno linalokwenda na simba.

Na vitenzi ni hivyo hivyo, tena vinazidi. Sisi tuna piga. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga marufuku. Frederick Johnson alipotoa kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1939, ilibidi aliandikie piga maelezo marefu, maana piga bila mwenzake halisemi lolote zaidi ya kipigo. Simu kwa Kiingereza ni "make a call", picha ni "take a photograph", kura ni "cast a vote", na deki inabaki kitenzi kitupu, "mop". Hakuna anayepigwa hapo. Ukisema "beat the phone", msikilizaji wako ataihurumia simu.

Lakini piga watu wengi wamekwisha kuonywa shuleni. Mimi naogopa zaidi maneno yanayopita kimya kimya, yale ambayo Kiingereza chake kinaonekana sawa kabisa. Chukua sentensi ambayo mtu yeyote wa kando ya ziwa hili ameisema: ziwa limechafuka. Mvuvi akiitazama Ghuba ya Mwanza alfajiri na kusema ziwa limechafuka, anamaanisha mawimbi, anamaanisha leo hatutoki. Kijana anaandika kwenye karatasi yake, "The lake was dirty, so the fishermen did not go out." Sarufi safi. Lakini msomaji wa Kiingereza ameona taka, ameona maji ya viwandani, ameona magugu yaliyooza. Anafikiri ni ripoti ya mazingira. Kumbe alitakiwa kuambiwa, "The lake was rough." Neno moja limeondoa mawimbi na kuleta uchafuzi. Kwa mwanafunzi wa hapa Nyegezi kwenye chuo cha uvuvi, ambaye kesho ataandika ripoti itakayosomwa na mtu asiyeijua Mwanza, huo si mchezo.

Kiko kitenzi kingine cha ziwani. Basi limepinduka, mtumbwi umepinduka, serikali imepinduliwa. Kwetu ni kitenzi kimoja na viambishi vyake. Kwa Kiingereza basi ni "overturn", chombo cha majini ni "capsize", na serikali ni "overthrow". Hiyo "capsize" ni ya majini tu, hailijui basi. Nyaraka za Kiingereza zinazosimulia msiba wetu wa MV Bukoba wa tarehe 21 Mei 1996 zinatumia kitenzi hicho: meli ilipinduka, "capsized", kisha ikazama, "sank". Ni vitenzi viwili kwa sababu ni mambo mawili, na kati ya hayo mawili kuna muda ambao watu walihangaika. Anayeandika "sank" peke yake ameuruka muda huo.

Utaniuliza, kwa nini jambo hili linatusumbua hivi? Sababu naijua, na si uvivu wa wanafunzi. Mtoto wetu wa shule ya msingi ya serikali anasoma karibu kila somo kwa Kiswahili, na nyumbani huenda anaongea Kisukuma au Kikerewe. Akifika kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza. Anakimbizana na maneno. Anapewa orodha ya msamiati, neno upande huu, maana upande ule. Anakariri neno likiwa peke yake, kama mtu anayefahamiana na watu kwa picha za vitambulisho, bila kujua nani ndugu wa nani.

Wapo waliolitambua tatizo hili zamani, na hawakulitambulia Uingereza. Walilitambua Japani. Mwingereza mmoja, Harold Palmer, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kushauri juu ya ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka 1933 akatoa taarifa nzima kuhusu maneno yanayoandamana, yaani mafungu ambayo mwanafunzi lazima ayabebe yakiwa mazima. Mwenzake, Albert Sydney Hornby, alikuwa amefika Japani mwaka 1924 kufundisha. Hornby na wenziwe wawili walitunga kamusi kwa ajili ya wasio wazawa wa Kiingereza. Ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na mwaka 1948 Oxford wakaitoa upya. Ndiyo mama wa kamusi ile nene ambayo wengi wetu tuliiona kwenye meza ya mwalimu tukaiita Oxford tu, bila jina jingine.

Kwa nini Japani? Kwa sababu mwenye lugha haoni. Mwingereza hajui kwa nini ulinzi ni "tight" na ushindani ni "stiff". Amezaliwa amekuta hivyo. Nawe nikuulize: kwa nini tunakula kiapo? Kiapo kina ladha gani? Kwa nini tunakata tamaa, tunakata rufaa na tunakata tiketi, na mikononi hatuna mkasi? Huwezi kunieleza, na wala hujawahi kukosea. Basi ukimwendea mzungu na swali la kwa nini, usimkasirikie akikujibu kwamba ndivyo inavyosemwa. Hakufichi kitu.

Na wao wana piga yao, msituonee huruma sisi tu. Chukua "catch", neno ambalo ungedhani lilizaliwa Nyegezi. Stendi unafanya "catch a bus", ziwani unafanya "catch fish", upepo wa usiku ukikupata unafanya "catch a cold", na nyumba ya nyasi ikiguswa na cheche inafanya "catch fire". Sisi tunawahi basi, tunavua samaki, tunapata mafua, na nyumba inashika moto. Hapo mwisho tumekutana! Moto unashika huku na kule. Injini nayo inakufa kwa Kiswahili na inakufa kwa Kiingereza. Yako mafungu yanayovuka salama, na ukiyapata shukuru, ila usifanye kanuni.

Sasa tuingie sehemu ya pili, sehemu ninayoipenda zaidi. Vitenzi vya picha. Namaanisha kitenzi kinachotolewa kwenye kazi yake ya kawaida na kupewa kazi nyingine: bei inapaa na haina mabawa, abiria wanamiminika na wao si maji.

Magazeti yetu ni mabingwa wa hili. Bei yapaa, bei yaporomoka. Na Kiingereza nacho kina ngazi nzima ya bei. Ikipanda tu, bila sifa, ni "rise". Ikipanda kidogo kidogo bila mtu kutambua, ni "creep up", inatambaa. Ikipanda kwa mwendo wa kueleweka ni "climb". Ikipaa ni "soar". Ikiruka kama roketi, ndiyo wenyewe wanasema hivyo hivyo, "rocket". Hizi si pambo. Kila kitenzi kina kipimo ndani yake. Tuseme bei ya sado ya dagaa imeongezeka shilingi mia mbili kwa miezi kadhaa. Mwandishi kijana anaandika "Sardine prices soar", kwa sababu "soar" inapendeza masikioni. Hajakosea Kiingereza. Amesema uongo. Bei ilitambaa, yeye kairusha angani, na msomaji wa Dar es Salaam anafikiri watu wa Mwanza wameacha kula.

Kule Malimbe kuna chuo kikuu kilichotokana na kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, kituo ambacho Kanisa Katoliki lilikianzisha mwaka 1960, na uandishi wa habari umefundishwa hapo kwa miongo mingi. Nawaambia wanangu wa pale: kabla ya kuchagua kitenzi cha picha, ipime namba yako kwanza. Kitenzi kisiikimbie namba.

Na kinyume chake kipo pia. Kuna mahali ambapo kitenzi kizito ndicho cha kweli na chepesi ndicho kinachopotosha. Wazee wavuvi wanawakumbuka furu, wale samaki wadogo wa kila rangi waliokuwa wamejaa ghuba hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi hapa Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuwepo sangara alipoenea katika miaka ya 1980 na furu wakatoweka mbele ya macho yao. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba furu walifanya "decrease", wamepungua, umewapunguzia msiba wao. Watu wa uvuvi wana kitenzi chao, "collapse", kile cha nyumba inayoanguka yote kwa mara moja. Hapo picha ndiyo kipimo sahihi. Na baadhi ya furu waliporejea baadaye, kitenzi kilikuwa "recover", kile cha mgonjwa anayepata nafuu. Nyumba imeanguka, mgonjwa amepona, na wanasayansi hawakuona aibu kuzungumza kwa picha.

Hatari nyingine ni picha kugombana. Nitatunga sentensi, msimtafute mwenyewe: "The new road ignited the roots of development." Inasikika kubwa, sivyo? Inafaa hotuba. Hebu itazame sasa. "Ignite" ni kuwasha moto. "Roots" ni mizizi. Barabara mpya imechoma mizizi ya maendeleo! Huyu mtu alitaka kusifu, na kilichobaki ni majivu. Kama umeanza na moto, baki na cheche na kuni. Kama umeanza na mti, panda, mwagilia, uvune. Au, na hili ndilo ningelipenda zaidi, iache sentensi bila picha. "The new road brought business." Barabara imeleta biashara. Nani atakudai zaidi?

Je, mwanafunzi wa Afrika Mashariki ajifungie ndani ya picha za Waingereza tu? Asithubutu kuleta ya kwao? Hapana, mimi sisemi hivyo. Mwaka 2009 mwandishi wa Uingereza, Michela Wrong, alitoa kitabu kuhusu ufisadi nchini Kenya na akakipa jina "It's Our Turn to Eat". Kula huko si kula ugali. Ni kula kwetu, kula rushwa, kula kwa zamu ya wakubwa. Msomaji wa London alikielewa bila mkalimani, kwa sababu picha inasimama yenyewe: meza ipo, chakula kipo, na watu wanangoja zamu. Sasa linganisha na kupiga simu. Ukimwambia mtu wa London umeipiga simu, anaona nini? Haoni kitu cha maana. Hicho ndicho kipimo changu, nacho nakitoa bure: picha ya kwetu ikiweza kuonekana na mgeni bila maelezo, ivushe. Ikihitaji maelezo, iache nyumbani, na utafute mwenzake wa kule.

Kabla sijasahau, barabara hii ina pande mbili. Kiingereza nacho kinatuingilia, na tunaokiingiza ni sisi tulioshika vipaza sauti. Kila hotuba ya mkutano inaanza na "napenda kuchukua nafasi hii". Hiyo tuliichukua kwa Waingereza zamani, na imekwisha kupata uraia, siigombei tena. Lakini "mwisho wa siku"! Mtangazaji yuko hewani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jogoo hajanyamaza, tayari anatuambia mwisho wa siku mchezaji anapaswa kujituma. Kiswahili kina hatimaye, kina mwishowe. Na fulani "kucheza nafasi muhimu" katika maendeleo, wakati angeweza kuchangia sana tu na asicheze popote. Anayefanya hivi kwenye Kiswahili chake ndiye yule yule anayepiga simu kwa "beat" kwenye Kiingereza chake. Ugonjwa ni mmoja: kuyahamisha maneno na kuwaacha wenzake nyuma.

Tufanyeje basi, msikilizaji? Dawa yangu haina gharama ya zaidi ya daftari. Weka nomino katikati ya ukurasa. Tuseme wewe ni mwanafunzi wa uvuvi, nomino yako ni "net", wavu. Soma Daily News, soma The Citizen, sikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza, na kila ukikutana na "net", andika kitenzi kilichokuja nayo. Utapata "cast a net", kutupa wavu. Utapata "haul in a net", kuuvuta. Wavu ukichanika utapata "mend a net". Ukifungua ukurasa wa "engine" utakuta injini haifanyiwi "mend", inafanyiwa "repair". Hakuna aliyekufundisha, umewakuta wamekaa pamoja. Polepole, kurasa zitajaa. Narudia tena kwa aliyechelewa kufungua redio: usiandike neno peke yake. Andika neno na mwenzake.

Muda wetu unaniishia, nami nawaachia kazi ya wiki. Chukueni kitenzi funga. Tunafunga mlango, tunafunga safari, tunafunga bao, tunafunga Ramadhani na tunafunga ndoa. Tafutieni kila fungu mwenzake wa Kiingereza, vitenzi vitano kwa mafungu matano, na msifungue kamusi kwenye funga, fungueni kwenye mlango, kwenye safari, kwenye bao. Nawadokezea kimoja tu: katika hayo matano, kuna moja ambalo Waingereza nao, wakitaka kulisema kwa utani, wanafunga fundo la kamba kabisa. Majibu yenu tutayasoma hapa hapa wiki ijayo, saa ile ile.